Wote Waliosahau Miwani

Siku ya kwanza kazini nilifika saa moja na nusu, na mafunzo yalikuwa saa tatu. Nilikaa kwenye benchi nje ya ukumbi pale Korogwe mjini nikiisoma upya barua ya mkataba, kwa kuwa nilikuwa na hofu kwamba jina langu limeingia kwa makosa, na kwamba Mwanaidi mwingine, mwenye haki zaidi, angetokea wakati wowote. Asubuhi ile, kabla ya kutoka nyumbani Old Korogwe, nilikuwa nimempa mama barua hiyo aisome. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama juu mpaka chini, akanirudishia.

"Nisomee mwenyewe. Miwani sijui nimeiweka wapi."

Nikamsomea yote hadi kifungu cha likizo, huku yeye akikoroga sabuni ya maji kwenye pipa. Mama hutengeneza sabuni na kuiuza kwenye chupa za maji ya kunywa zilizokwisha tumika. Ndiyo iliyonisomesha.

Wanaoandika kumbukumbu za kazi kwa kawaida ni watu waliotumikia miaka thelathini. Mimi nilitumikia mkataba wa miezi minne. Lakini mkataba umeisha, vifaa nimerudisha, na wadogo zangu wanaomaliza chuo mwaka huu wananiuliza kazi ya udodosaji ikoje. Naandika mapema, kabla sijaanza kuisimulia vizuri kuliko ilivyokuwa.

Kazi yenyewe ilikuwa kupima uelewa wa afya kazini kwa watu wa sekta isiyo rasmi, yaani wanaofanya kazi bila mwajiri wa kudumu, bila mkataba na bila mtu wa kuwaambia wavae nini. Sisi tulipewa wapuliziaji dawa: wale wanaokodiwa kwa siku, wanabeba bomba mgongoni na kupulizia michungwa, nyanya au mahindi ya mtu mwingine. Wengi hudhani kupima uelewa ni kuuliza mtu anajua nini. Sivyo. Hupimwa mambo matatu: kama mtu anaweza kuipata taarifa ya hatari ya kazi yake, kama akiipata anaielewa, na kama akiielewa anaitumia.

Msimamizi wa Uwandani alikuwa muuguzi mstaafu, mama wa sauti ndogo ambaye hakuwahi kuipandisha, kwa hiyo ilitubidi sote tunyamaze ili tumsikie. Alisimama mbele yetu na chupa tupu ya dawa ya wadudu, iliyooshwa, yenye lebo yake na mstari mpana mwekundu chini.

"Msipime kama mtu ana akili," alisema. "Akili anayo, ndiyo maana yuko hai mpaka leo. Pimeni kama hii karatasi iliyobandikwa hapa inamfikia."

Hiyo ndiyo ilikuwa Sehemu ya Tatu ya dodoso. Unampa mhojiwa chupa, unamwomba asome maelezo, kisha akuambie ule mstari wa rangi una maana gani. Halafu unabonyeza namba kwenye kishikwambi. Moja, amejibu sawa. Mbili, amekosea. Tatu, hajui kusoma. Nane, haoni vizuri. Ukibonyeza nane, kishikwambi kinairuka sehemu nzima na mtu huyo hahesabiwi humo, kwa sababu si haki kumpima kusoma mtu asiyeona. Niliupenda utaratibu huo. Nilirudi nyumbani nikaunakili kwenye daftari langu kwa kalamu ya rangi mbili.

Siku hiyohiyo Msimamizi alitutangazia kwamba awamu ya pili itahitaji msimamizi msaidizi mmoja, naye atatoka miongoni mwetu. Nilitazama ukumbini. Tulikuwa wanane na wenye shahada tulikuwa watatu. Nikaanza kupanga jinsi nitakavyokataa kwanza kwa adabu kabla ya kukubali.

Mtu ambaye sikumweka kwenye hesabu ni Mbwana. Huyu alikuwa kijana wa Mashewa aliyeishia kidato cha nne, mwenyewe alishawahi kubeba bomba la dawa misimu kadhaa. Alikaa nyuma. Fulana ya mradi ilimkaa kama imeshonwa kwa ajili yake, wakati yangu ilinifika magotini. Msimamizi alipouliza kwa nini wapuliziaji hawavai barakoa, mimi nilitoa sababu nne, kwa mpangilio. Mbwana akasema, "Mama, ukivaa huwezi kupiga stori." Msimamizi akacheka hadi akaketi. Sababu zangu nne hakuna aliyeziandika.

Wiki ya kwanza tulipelekwa wote Kabuku ili tujifunze pamoja. Mimi na Mbwana tuliwekwa eneo moja, karibu na barabara kuu, ambako wapuliziaji husubiri wateja asubuhi kando ya wauza machungwa. Mhojiwa wangu wa kwanza alikuwa Mzee Sefu, mtu mwembamba mwenye kofia ya kufuma, mpuliziaji tangu mimi sijazaliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Wewe ni wa serikali?"

"Hapana, mzee. Wa utafiti."

"Ah. Wanaouliza halafu hawarudi."

Mwenzake aliyekalia kreti akadakia, "Huyu atarudi. Tazama viatu vyake, bado vipya, havijachoka kuuliza."

Wakacheka. Mimi nilitabasamu, kisha nikatumia muda mrefu nikijiuliza kama viatu vyangu vilikuwa na kosa. Tulipofika Sehemu ya Tatu nikampa Mzee Sefu chupa. Aliishika mbali, akaileta karibu, akaipeleka mbali tena. Akajipapasa mfuko wa shati.

"Miwani nimeiacha nyumbani."

Nikabonyeza nane. Yule wa kreti aliichukua chupa na kuisoma vizuri, neno kwa neno, kisha akasema, "Nyekundu ndiyo kali. Ndiyo inayoua wadudu. Ukiona kijani, hayo ni maji ya kunawa." Nikabonyeza mbili, kwa sababu mstari mwekundu unamwonya mtu, hausifii dawa. Wa tatu alisema miwani yake kaikalia mjukuu. Nane. Wa nne aliibiwa miwani ndani ya basi pale Segera. Nane. Nikawaonea huruma sana. Jioni niliandika maoni ya nusu ukurasa nikipendekeza wapuliziaji wa Kabuku wapatiwe huduma ya macho, nikayasahihisha mara tatu ili isionekane najipendekeza.

Nilikuwa namaliza watu wanane kwa siku. Mbwana alikuwa anamaliza wanne, mara nyingine watatu. Hilo lilipaswa kunitosha. Lakini kila nilipokuwa nauliza, nilisikia kicheko kutoka benchi lake. Hojaji zangu hazikuwa na kicheko hata kimoja. Nikaanza kuhesabu: mara ngapi wanamwita mjomba, mara ngapi mimi naitwa "wewe dada wa maswali." Walimmenyea chungwa, wakamkatia katikati kama mtoto wao. Mimi niliuziwa. Akina mama wa Kisambaa wanaouza pale aliwaamkia "onga mshi", nao wakamjibu na kumuuliza habari za nyumbani kwao, na habari hizo zikawa ndefu. Niliporudi nyumbani nilijifunza salamu hiyo mbele ya kioo. Kesho yake niliitoa asubuhi, kumbe ni ya mchana. Walicheka, ila kwa upole, na upole huo uliniuma kuliko kicheko.

Wiki iliyofuata Mbwana alipelekwa Mashewa, kwao, na mimi nikabaki Kabuku. Kila Ijumaa tulikutana ofisini Korogwe kukabidhi takwimu. Ijumaa ya tatu alifungua mkoba wake kutoa chaja, nami nikaona ndani miwani za kusomea, zile za gulioni, zimefungwa pamoja kwa mpira. Zilikuwa tano.

Kuna sheria moja ya udodosaji ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua: mhojiwa hapewi zawadi kabla ya kujibu, kwa sababu aliyepewa hujibu kumpendeza aliyempa. Nilikaa na jambo hilo siku nzima. Nilijiambia nalinda ubora wa takwimu. Nilijiambia pia kwamba sina kinyongo na mtu. Nilipoona nimejiambia hivyo mara nyingi mno, nikaenda kwa Msimamizi kabla sijabadili mawazo.

"Mama, sisemi kwa ubaya."

"Ukianza hivyo najua ni kwa ubaya. Sema."

Nikasema. Alinisikiliza akiwa anazungusha kifuniko cha kalamu.

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Hapana, mama."

"Mmekaa wote wiki nzima Kabuku na hujamuuliza. Haya. Utaratibu ni utaratibu. Jumatatu yeye atabaki ofisini. Wewe utakwenda Mashewa kurudia hojaji zake kumi."

Kurudia hojaji ni kumfuata mtu aliyekwisha kuhojiwa, umuulize upya maswali machache, uone kama majibu yanafanana. Ndiyo njia ya kumkamata mdodosaji anayejaza majibu akiwa amekaa chini ya kivuli. Nilitoka ofisini nikampita Mbwana mlangoni. "Safari njema, dada Mwanaidi," aliniambia, naye alikuwa ameshaelewa. Sikulala vizuri, lakini sitasema uongo: nusu ya kutolala kwangu ilikuwa furaha.

Mashewa nilifika nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mtu wa kwanza kwenye orodha alikuwa Mzee Kihiyo, aliyekuwa anafunga bomba lake kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Mkewe alikuwa jikoni, mlango wazi. Nilimuuliza maswali ya mwanzo, yote yakafanana na ya Mbwana. Kisha nikauliza lile lililonileta.

"Mzee, yule kijana alipokuja, alikupa kitu chochote?"

"Alinipa miwani."

Moyo wangu, naona aibu kuandika, uliruka.

"Akakuachia?"

"Aniachie ya nini? Kaondoka nazo." Aliacha bomba, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Nilimwambia kama ninavyowaambia wote, miwani nimesahau. Akafungua mkoba. Baba, chagua, ziko tano. Nikavaa ya kwanza, nikamwambia hii haifai. Nikavaa ya pili, haifai. Ya tatu. Kufika ya nne, huyu mama akaanza kucheka humo ndani."

"Nisicheke nini?" mkewe akasema kutoka jikoni. "Mtu anajaribu miwani kama bwana harusi anajaribu koti."

"Ya tano nikaivua, nikamwambia, mwanangu, hata ungekuja na duka zima. Macho ni mazima. Shule ndiyo sina."

"Halafu?"

"Halafu akaandika kwenye hiyo mashine yake. Alipomaliza, akanisomea chupa yote. Nilikuwa sijui kwamba mkono ukimwagikiwa ni wa kuosha hapohapo, si mpaka jioni. Miaka yote hiyo." Akageuza kiganja, akakiangalia. "Na wewe unazo miwani?"

Nikamwambia sina.

Nilikagua wengine tisa kwa sababu niliagizwa kumi. Wakati nasubiri gari la kurudi, nilifungua kishikwambi nikatazama kazi yangu ya Kabuku. Nane. Mbili. Nane. Nane. Moja. Nane. Karibu kila mtu mwenye mvi alikuwa nane. Nilitafuta namba tatu, hajui kusoma. Sikuipata hata moja. Mtu mzima mwenye heshima zake, mbele ya wenzake na mbele ya binti wa chuo, hawezi kusema hajui kusoma. Atasema miwani. Kila mtu anayekaa naye anaelewa, anaipokea, na mazungumzo yanaendelea. Mimi peke yangu ndiye niliyeiamini, nikaiandikia nusu ukurasa.

Kesho yake, nilipoingia ofisini, Mratibu wa Takwimu alikuwa amewasili kutoka Dar es Salaam na alikuwa ameweka michoro yake ukutani. Mbwana alikaa pembeni akipanga karatasi.

"Mwanaidi ni nani?" Mratibu aliuliza. Nikanyoosha mkono. "Kazi safi. Nyingi, na haina mapengo. Tazama Kabuku ilivyo juu, na tazama Mashewa. Nilivyoona mimi, Kabuku tuwatoe kwenye orodha ya mafunzo ya wapuliziaji. Wanasoma lebo vizuri. Nguvu zote tuzipeleke kwingine."

Nilikuwa nimeingoja sifa ile kwa wiki nne. Ilifika ikiwa na Mzee Sefu ndani yake, na kiganja cha Mzee Kihiyo. Kabuku ilikuwa juu kwa sababu wasiojua kusoma nilikuwa nimewatoa wote kwa kidole changu, wakabaki wanaojua. Na sasa wangetolewa kwenye mafunzo kwa kuwa tayari wanaelewa.

Ni mimi tu niliyejua. Ningeweza kuripoti kwamba hojaji za Mbwana ziko sawa, jambo ambalo lilikuwa kweli, nikanyamazia zangu. Nilifikiri hivyo kwa muda ambao Mratibu alitumia kunywa nusu chupa ya maji. Nilifikiri pia kwamba huenda wachache kweli walisahau miwani, kwamba pengine nahukumu haraka, kwamba lingekuwa jambo la busara kukusanya ushahidi zaidi kwa mwezi mmoja hivi. Msimamizi alikuwa ananitazama. Alikuwa bado hajaniuliza habari za Mashewa.

"Hojaji za Mbwana ni sahihi," nikasema. "Za kwangu ndizo siyo."

"Siyo kwa vipi?" akauliza Mratibu.

Nikaeleza. Sikueleza vizuri, nilianzia katikati na kurudi mwanzo. Mratibu aliweka chupa yake chini.

"Unajua ripoti ya awali imeshaandikwa?"

"Itaandikwa tena," Msimamizi akasema kwa ile sauti yake. "Karatasi ipo."

Kabuku ilirudishwa kwenye orodha, na kazi yangu yote ikafutwa irudiwe. Msimamizi msaidizi akateuliwa Mbwana. Hakuna aliyeshangaa. Mimi nilipewa nafasi ya kurudia Kabuku chini yake, nikakubali mara moja, bila ule utaratibu wa kukataa kwanza.

Siku tuliyokuwa tunasubiri gari la kwenda huko nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulikuwa unakwenda mbio, dada. Wiki nzima hukuniuliza kitu."

"Ulijuaje?"

"Baba. Alisahau miwani maisha yake yote. Nilipofika darasa la nne nikaitafuta nyumba nzima nimpelekee shambani, nikakuta hakuna. Haikuwahi kuwepo. Toka hapo nikawa namsomea kabla hajaniomba, ili asisumbuke kujipapasa mfuko." Akasema hivyo kama anayetaja ratiba ya basi, kisha akaangalia kama gari linakuja.

Kabuku walinipokea kwa maneno. Yule wa kreti aliniona nafungua mkoba akasema, "Jamani, viatu vimerudi, na safari hii vimekuja na duka." Mzee Sefu alijaribu miwani mbili. Ya tatu aliishika tu, akaikunja, akanirudishia.

"Andika unachotaka kuandika, binti."

Nikabonyeza tatu. Halafu nikamsomea chupa. Nilipofika kwenye mstari mwekundu, yule wa kreti, aliyekuwa na uhakika kuliko wote, aliacha kucheka akasogeza kreti lake karibu. Siku ile nilihoji watu watatu. Nadhani mmoja alicheka.

Mkataba uliisha wiki mbili zilizopita. Nilirudisha kishikwambi na chupa. Miwani moja ilibaki mkobani, Mbwana aliniambia niichukue.

Mtanitarajia niwape ushauri, kama wanavyofanya wastaafu. Ninao mmoja tu, nao ni kwamba wivu hauondoki kwa kujua kwamba mwenzako anastahili. Bado ninao. Msimamizi alimwandikia Mbwana barua ya sifa ya kurasa mbili, yangu ni moja, na nimezilinganisha. Lakini ninachomwonea wivu zaidi si cheo wala barua.

Jana asubuhi mama alipokea dumu jipya la salfoniki, ile tindikali nzito ya kahawia anayochanganya kwenye sabuni. Muuzaji amebadilika na lebo imebadilika. Mama aliligeuza dumu, akalishika mbali, akalileta karibu.

"Hebu nisomee hapa. Miwani sijui nimeiweka wapi."

Nilikuwa nimeshaingiza mkono mkobani. Vidole vilikuwa vimeigusa. Na hapo nikakumbuka ripoti zangu zote za shule, nilizozisoma kwa sauti nimesimama mbele yake tangu darasa la kwanza, nikiruka maoni ya mwalimu pale yalipokuwa mabaya. Nikajaribu kukumbuka miwani ya mama ina rangi gani. Nina shahada, na nimewapima watu wilaya mbili. Mbwana alijua akiwa darasa la nne.

Nikautoa mkono mtupu. Nikachuchumaa kando ya dumu, nikasoma polepole, kidole chini ya kila neno, bila kuruka kitu. Nilisoma kwamba ni ya kushikwa kwa glavu nene, kwamba huunguza ngozi, kwamba ikimwagika mkononi ni kuosha hapohapo kwa maji mengi. Mama alikuwa amekunja mikono ndani ya kanga. Ngozi ya vidole vyake hubanduka tangu nikiwa mdogo, nami siku zote nilidhani ndivyo mikono ya mama ilivyo.

"Hapo pa mikono," akasema, "rudia."

Nikarudia.